Ndege ya Mzee Haikuwa Chafu: Kisa cha Kumalizia na Kuchakaza Modeli ya F-5E

## Kuhusu kisa hiki

Kazi inayosimuliwa hapa ilifanyika Malindi. Fundi aliyeifanya na familia iliyoiagiza wamekubali iandikwe kwa sharti kwamba majina, mtaa na namba ya ndege visitajwe. Nitawaita Fundi, Binti na Mzee. Namba imeondolewa kwa sababu Mzee aliwahi kuihudumia ndege hiyohiyo, na wenzake wa zamani wangemjua papo hapo.

Mimi nilikuwa mkaguzi tu. Fundi huniletea kazi zake zikifika hatua ya praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), ya stika na ya vanishi ya mwisho, tukazigeuzageuza chini ya taa na kusemezana. Nimependa kisa hiki kiandikwe kwa urefu kwa sababu wengi wetu tunaojenga modeli huku Pwani tumefundishwa na video za watu wa nchi zenye hewa kavu. Tena tumejifunza kuchakaza ndege, yaani kuipaka modeli ionekane imetumika, kabla ya kujifunza kuuliza ndege hiyo iliishi wapi na nani aliyekuwa akiiosha.

## Usuli

Fundi alianza kwa kuchora mabango ya maduka na maandishi ya tuktuk. Mkono wake umetulia, na jicho lake la rangi ni la kuaminika. Modeli za plastiki alizichukua baadaye, na sasa watu humwagiza. Hufanyia kazi katika chumba cha ghorofani ambacho dirisha lake hupokea upepo wa bahari moja kwa moja. Ana kompresa ndogo na spreya nyembamba ya kushikwa kwa vidole vitatu. Rangi anazopendelea ni za lakeri, zile zinazoyeyushwa kwa thina, kwa kuwa hukauka upesi na hushika plastiki barabara.

Ndege yenyewe ni F-5E Tiger II ya Northrop, kipimo cha 1/48. Ndege halisi ina urefu wa karibu mita 14.4, kwa hiyo modeli hufika sentimita 30 hivi na hukaa vizuri juu ya kabati la sebuleni. F-5E iliruka mara ya kwanza Marekani mwaka 1972, na Kenya ilianza kupokea zake mwaka 1978. Makao yake yalikuwa Nanyuki, kwenye kituo kinachoitwa leo Laikipia. Ni ndege nyembamba yenye injini mbili za J85 za General Electric zilizolala ubavu kwa ubavu mkiani, na mizinga miwili ya milimita 20 juu ya pua, mbele ya kioo cha rubani. Sehemu hizo mbili, pua na mkia, ndizo zilizokuja kuleta maneno.

Mzee hakuwa rubani. Alikuwa fundi wa ndege, mmoja wa wale wanaokabidhiwa ndege wakailea: kuikagua kabla haijaruka, kuipokea ikitua, kuandika kasoro zake kitabuni, kuzirekebisha na kutia sahihi. Alipostaafu alirudi Malindi. Binti yake alitaka kumpa zawadi ya ghafla, ndipo akamtafuta Fundi.

## Maagizo ya kazi

Binti alileta picha moja ya zamani: Mzee akiwa kijana, kofia mkononi, amesimama kando ya bawa. Rangi za picha zilikuwa zimefifia, ila mabaka ya kahawia na kijani yalionekana, na sehemu ya alama ya taifa ubavuni. Maneno yake yalikuwa haya: "Isikae kama ya kuchezea watoto. Nataka ionekane imefanya kazi, imepiga miaka."

Fundi aliuliza maswali ambayo kila mjenzi huuliza. Magurudumu yatoke au yafungwe? Kioo kiwe wazi? Makombora ya nchani mwa mabawa yawepo? Tangi la ziada chini ya tumbo? Hayakuulizwa mwaka gani, wala kituo kilikuwaje, na hata yangeulizwa Binti asingeyajua. Mwenye majibu alikuwa nyumbani, mwendo wa dakika chache kwa tuktuk, lakini haikuwezekana kumgusia kwa sababu zawadi ilikuwa siri.

Akiwa na picha moja na maneno mawili matatu, Fundi alitafuta mfano wa kuigiza. Akaupata kwenye F-14 Tomcat za jeshi la majini la Marekani, zile zilizokuwa zikiishi juu ya manowari za kubeba ndege. Ni ndege zenye sura ya kuvutia sana kwa mjenzi. Zilikaa nje kwenye mvuke wa chumvi, mafundi wakikwangua kila doa la kutu na kulipaka rangi palepale, na baada ya miezi michache mwili mzima ulikuwa na mabaka ya kijivu yasiyolingana, alama za viatu na michirizi ya oili. Fundi alitaka F-5 yake iwe na sura ile. Aliniambia wakati huo, na nilimwelewa: ukikaa Malindi, ukaona chumvi inavyokula bawaba za madirisha na mabati ya paa, unaona ni jambo la kawaida chuma kichakae namna hiyo.

## Vanishi iliyogeuka maziwa

Rangi ya msingi ilikwenda vizuri. Praima ya kijivu, tumbo kijivu chepesi, kisha mabaka ya juu yaliyopulizwa kwa mkono bila kuzibwa na tepu, ili kingo zake ziwe laini kidogo. Rangi zote alizipunguza makali kwa tone la nyeupe. Hilo ni sahihi: kitu kidogo kikipakwa rangi ileile ya kitu kikubwa huonekana cheusi kuliko asili yake.

Tatizo lilianzia kwenye vanishi ya kung'aa. Ilikuwa Mei, mwezi ambao Malindi hupata mvua kuliko mwezi mwingine wowote, mto Sabaki unashuka na tope mpaka bahari inakuwa ya kahawia. Fundi alipuliza vanishi asubuhi na mapema, kwa sababu ndio wakati ambao hakuna vumbi wala watoto. Ndani ya dakika chache bawa la kushoto likaingia ukungu mweupe, kisha mgongo, kisha mkia. Mabaka yakaonekana kana kwamba yako nyuma ya kioo kilichopuliziwa pumzi.

Linalotokea ni hili. Thina ya lakeri huvukiza kwa kasi, na ikivukiza hupoza uso wa modeli. Hewa ikiwa na joto la digrii 28 na unyevu wa asilimia 80, uso ukipoa kwa digrii nne tu, maji yaliyomo hewani huanza kutua juu yake. Maji hayo hunaswa ndani ya vanishi kabla haijakauka, na ndiyo yanayoonekana kama maziwa. Rangi iliyo chini haijaharibika.

Kwa kufadhaika, Fundi alitaka kuikwangua yote kwa msasa. Nilimshauri aiache mpaka siku itakayokauka kidogo, kisha saa za mchana apulize thina ya taratibu, ile inayovukiza polepole, peke yake, bila vanishi, kwa mikono miepesi. Thina ya namna hiyo hulainisha vanishi iliyokwisha kushika, maji yaliyonaswa yakapata njia ya kutoka, kisha ikatulia upya. Alifanya hivyo, akaweka na kichujio cha maji kwenye mpira wa kompresa, kwani hewa iliyosukumwa kutoka chumba chenye unyevu hubeba matone yake yenyewe. Weupe uliondoka kote isipokuwa kwenye pembe moja ndogo nyuma ya mdomo wa hewa wa kulia, ambayo aliirudia kesho yake.

Baada ya hapo vanishi ilipata tabaka la pili, nene kiasi. Weka akilini tabaka hilo. Ndilo lililookoa kazi baadaye.

## Stika, kwa ufupi

Karatasi ya stika ilikuwa ya zamani na utando wake umekuwa wa manjano. Fundi aliitia kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na kuibandika dirishani, jua likaula umanjano. Stika zenyewe zilishika vizuri kwa sababu zilitua juu ya uso laini wa kung'aa. Ubavuni mwa mkia palikuwa na kiputo kimoja cha hewa kilichong'aa kama fedha. Alikitoboa kwa sindano, akatia dawa ya kulainisha stika, kikalala. Kisha akazifunika kwa vanishi nyingine ya kung'aa, ya lakeri vilevile.

## Chumvi

Hapa lazima nirudi nyuma hatua moja, kwa sababu jambo hili lilifanyika kabla ya vanishi na athari zake zimebaki hadi leo.

Kuna njia ya kuonyesha rangi iliyochapwa na jua: unalowanisha uso, unanyunyiza chembe za chumvi, unaziacha zikauke na kushika, unapuliza rangi hafifu juu yake, kisha unaisugua chumvi itoke. Panapobanduka chumvi panabaki rangi ya chini, na uso unapata madoa yasiyo na mpango. Fundi alitumia chumvi ya mawe inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni, akaipanga kwenye mabawa na mkia jioni, akaiacha ikauke usiku ili apulize asubuhi.

Asubuhi alikuta chumvi imerowa na kutambaa. Chumvi safi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, na chumvi ya bahari isiyosafishwa, yenye magnesiamu ndani yake, huwahi zaidi. Usiku wa Malindi wakati wa masika hauwezi kuikausha. Alipulizia hivyohivyo. Baada ya kusugua, palibaki miduara yenye kingo kali, mahali ambapo maji ya chumvi yalikauka polepole na kuacha pete. Mingi ilipotea chini ya tabaka lililofuata. Michache kwenye bawa la kulia, na mmoja kwenye mkia, ilibaki ikionekana ukiinamisha modeli kwenye mwanga.

## Mistari, masizi na mikwaruzo

Kuanzia hapa Fundi alikuwa kwenye raha yake, na mkono wake ulionekana. Alipenyeza rangi nyeusi ya mafuta iliyochanganywa na tapentaini kwenye viungo vyote vya mabati, akafuta ziada kwa pamba ya masikio. Alipuliza masizi meusi kwa spreya kutoka kwenye midomo ya mizinga kurudi hadi kwenye kioo, na mengine kuzunguka ekzosi. Kwa kipande cha sponji alidona rangi ya fedha kwenye kingo za mabawa, milango ya magurudumu na ubavu wa kushoto rubani anapopandia. Chini ya tumbo alivuta michirizi ya oili ya kahawia, na kwenye magurudumu akatia unga wa rangi nyekundu ya udongo. Mwisho wa yote, akiogopa vanishi ya lakeri isimgeukie tena, alitumia vanishi ya maji isiyong'aa.

Kama kazi ya mkono, ilikuwa nzuri mno. Wote walioiona waliipenda, nami nilimwambia hivyo, na ninalisimamia neno hilo: michirizi ilifuata upepo, unga haukukaa kama vumbi la chaki, masizi yalififia taratibu.

## Siku ya kukabidhi

Nilialikwa. Fundi alimwamkia Mzee, Mzee akaitikia marahaba, Binti akaondoa kitambaa. Karibu kila mtu akipewa modeli ya ndege hutazama pua na chumba cha rubani kwanza. Mzee alivaa miwani, akaichukua kwa mikono miwili, akaipindua. Alianza tumboni.

Alikaa kimya kwa muda, akifuata mchirizi mmoja wa oili kwa ukucha bila kuugusa. Akaigeuza, akatazama nyuma ya mizinga. Kisha akasema kwa upole, kama anayeuliza habari za mtu wa nyumbani: "Mwanangu, ndege hii nani aliiacha ikalala hivi?"

Binti alidhani hajaipenda zawadi. Haikuwa hivyo, alikuwa ameitambua mpaka namba yake, na ndiyo sababu ilimuuma. Alieleza. Oili ikitiririka namna ile, ndege haipandi. Unaandika kitabuni, unafungua, unatafuta, unafunga, mkaguzi anatia sahihi. Masizi ya mizinga hayalali usiku, kwa sababu moshi wa baruti huacha uchafu unaokula chuma. Zikirudi kutoka kwenye shabaha, pua inasafishwa kabla ya watu kwenda kula. Na udongo kwenye magurudumu? Pale wanapoegesha ndege watu hupanga mstari wakatembea wameinamisha vichwa, wakiokota kila kokoto na kila skrubu, maana midomo ya hewa ya F-5 iko chini na kitu kidogo kikivutwa ndani injini imekwenda.

"Afande," Fundi akamuuliza, akiwa ameshatoa daftari, "kwa hiyo ilikuwa mpya?"

"Haikuwa mpya. Ilikuwa kuukuu na safi."

Halafu akaanza kueleza ukuukuu wenyewe, na hapo ndipo kazi ya pili ilipozaliwa. Nanyuki iko juu, karibu mita 1,900, na iko kwenye ikweta. Jua la huko hunywa rangi, hasa mgongoni na juu ya mabawa. Wakitengeneza sehemu waliipaka rangi mpya, na rangi mpya haikuwahi kulingana na ile iliyokaa miaka, kwa hiyo ilibaki viraka vyenye kingo zilizonyooka. Vichwa vya skrubu kwenye vifuniko vinavyofunguliwa kila siku vilikuwa vimesuguka hadi chuma, lakini vile vya vifuniko vinavyofunguliwa mara moja kwa mwaka vilibaki na rangi. Mabati ya mkiani kuzunguka injini hayakupakwa rangi kabisa. Joto liliyapa rangi zake, kahawia na buluu. Na chini ya milango ya injini daima palikuwa na kivuli cha oili kwenye viungo, kile ambacho kitambaa hakikifikii.

Nimewasikia wajenzi wengi wakieleza uchakavu. Sijawahi kumsikia mwingine akiweza kutofautisha skrubu na skrubu.

## Uamuzi wa kurudia

Mzee hakuomba irudiwe. Alisema ataiweka hivyohivyo, na Binti alikuwa tayari kuiacha. Fundi ndiye aliyeomba kuirudisha nyumbani.

Alikuwa na njia tatu. Kuitia yote kwenye dawa ya kubandua rangi na kuanza upya kungemaanisha kupoteza stika, na seti ina karatasi moja tu. Kupaka rangi juu ya uchafu kungenenepesha tabaka na kuziba mistari. Njia ya tatu ilikuwa kurudi nyuma tabaka kwa tabaka mpaka kwenye vanishi ya kung'aa. Tulikaa tukaandika mpangilio wa tabaka zote na kila moja huyeyushwa na nini. Vanishi ya mwisho ya maji huyeyuka kwa spiriti. Rangi ya fedha ya sponji nayo ilikuwa ya maji. Rangi ya mafuta kwenye mistari na tumboni hutoka kwa tapentaini. Vanishi ya lakeri iliyofunika stika huvumilia vyote viwili ukienda kwa uangalifu. Kwa hiyo karibu kila kitu ambacho Mzee alikilalamikia kilikuwa juu ya ukuta huo wa vanishi, na rangi, stika na alama ya taifa vilikuwa chini yake.

Kilichokuwa nje ya hesabu hiyo ni masizi ya mizinga, kwa kuwa yalipulizwa kwa lakeri, na miduara ya chumvi, kwa kuwa ilikuwa chini ya kila kitu.

## Kazi ya pili

Alisafisha eneo la ukubwa wa stempu kwa wakati mmoja, pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, kisha tapentaini, kisha kitambaa kikavu. Ni kazi ya kuchosha, na ukikaza mkono unaliona bati la plastiki. Hakukaza. Masizi ya pua aliyasugua kwa msasa laini kabisa wa maji, akapuliza upya mabaka ya sehemu hiyo.

Halafu akachakaza kwa daftari la Mzee. Kufifia kwa jua alikufanya kwa nukta ndogo za rangi ya mafuta, nyeupe na rangi ya mchanga, zilizovutwa na brashi yenye unyevu tu wa tapentaini mpaka zikapotea; mgongoni nyingi, ubavuni chache, tumboni hakuna. Viraka alivipuliza kupitia matundu ya pembe nne aliyoyakata kwenye karatasi, rangi ileile ya msingi bila lile tone la nyeupe. Viwili kati yake aliviweka juu ya miduara ya chumvi ya bawa la kulia, baada ya kumuuliza Mzee kama pale paliwahi kutengenezwa. Mzee alisema pale palitengenezwa sana.

Vichwa vya skrubu aliviguza kwa ncha ya penseli, vya vifuniko vya kila siku peke yake. Mkiani alipaka rangi za chuma za kupishana, na ndani ya ekzosi rangi ya majivu. Nyuma ya mizinga alibakisha kivuli cha kijivu ambacho huoni mpaka uelekezwe, na chini ya milango ya injini alitia oili kwenye viungo tu, akaifuta kwa kitambaa kuelekea mkiani jinsi mtu angeifuta.

Palikuwa na jambo moja walilobishana. Mzee alisema viungo vya mabati havionekani kutoka mbali, na kwa ndege halisi ni kweli. Nafasi ya milimita mbili kati ya mabati mawili, ukiigawanya kwa 48, inakuwa kama sehemu nne za mia za milimita. Fundi alimjibu kwa heshima kwamba modeli isiyo na mstari wowote huonekana kama sabuni iliyochongwa, jicho halioni pa kushika. Naungana naye. Waliafikiana mistari ibaki, lakini iwe ya kahawia iliyo karibu na rangi ya bati lenyewe badala ya nyeusi.

Vanishi ya mwisho ilisubiri. Fundi alikuwa amenunua kipima unyevu cha bei ndogo, akakitundika ukutani, akapuliza alasiri ya siku kavu, mvua zikiwa zimeshapungua.

## Matokeo

Mzee aliipokea mara ya pili, akaipindua tena tumboni, kisha akaiweka kabatini mwenyewe. Wageni wakija huwaonyesha viraka na kueleza kila kimoja kilitokana na nini. Vingine Fundi alivibuni, lakini Mzee ameshavipa historia. Gharama ya rangi na vanishi ya kazi ya pili alilipa Binti. Ya mkono Fundi hakuidai, na nadhani alikosea: maagizo aliyopewa aliyatimiza yote.

## Uchambuzi

Tuanze na maagizo, kwani ndiko kazi ilikopotoka. "Ionekane imefanya kazi" ni maneno ya mtu anayeitazama ndege. Kwa mtu aliyeihudumia, kila doa ni dai juu ya mwenendo wake. Masizi yanasema pua haikusafishwa. Oili inasema kasoro haikuandikwa. Udongo unasema uwanja haukufagiwa. Fundi bila kujua alijenga modeli iliyomshtaki mwenye zawadi. Siri ilifunga mdomo, lakini haikufunga kila mlango. Binti angeweza kumchokoza baba yake kwa hadithi za jioni, "mlikuwa mkiiosha na nini ile ndege?", na akapata robo tatu ya daftari bila kufichua lolote.

Mfano wa Tomcat haukuwa mbaya kwa Tomcat. Ndege ya manowari huishi baharini, hukosa maji yasiyo ya chumvi ya kutosha kuoshewa na huwindwa na kutu. F-5 ya Nanyuki ilikuwa bara, juu, kwenye uwanja mkavu. Bahari iliyokuwa karibu ni ya Fundi, dirishani kwake. Uchakavu una mahali pake na tarehe yake, na mwaka nao ungepaswa kuulizwa mapema: Jeshi la Anga la Kenya lilipita mageuzi makubwa baada ya 1982, na anayejenga ndege ya mwaka fulani hana budi kuoanisha alama na picha ya mwaka huohuo.

Rangi ya fedha ilikuwa na kosa jingine, la kipimo. Doa la milimita moja kwenye modeli ya 1/48 ni karibu sentimita tano kwenye ndege halisi. Sponji huacha madoa ya ukubwa huo kwa makumi. Fundi wa ndege hawezi kupita mbele ya bati lililobanduka rangi upana wa vidole viwili asichukue brashi. Ncha ya penseli ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa ndogo, na kwa sababu iligusa mahali penye sababu ya kuguswa.

Lililofaulu zaidi ni mpangilio wa tabaka. Fundi hakuupanga kwa ajili ya kurudia. Alitumia vanishi ya lakeri chini na ya maji juu kwa hofu ya ukungu. Hata hivyo ndio mpangilio ambao ningemshauri mtu yeyote anayechakaza kwa ajili ya mteja: lakeri iifunge rangi na stika, na kila uchafu wa juu uwe wa kitu kinachotoka kwa dawa isiyoigusa lakeri. Masizi yangepulizwa kwa rangi ya maji, pua isingehitaji msasa.

Kuhusu hewa yetu, nina maneno machache yenye uhakika. Asubuhi na mapema ndio wakati mbaya kuliko wote wa kupuliza lakeri Pwani, ingawa ndio wakati mtulivu. Unyevu huwa juu alfajiri na hushuka jua likipanda. Wakati wa masika, kama kazi si ya haraka, jenga na gundisha, rangi ingoje. Kipima unyevu kikizidi 75 usipulize lakeri bila thina ya taratibu. Njia ya chumvi nisingeitumia hapa kabisa, hata wakati wa kaskazi, maana nukta za rangi ya mafuta zinafanya kazi hiyohiyo, zinaweza kufutwa, na haziyeyuki usiku.

Mduara wa mkiani bado upo. Kuuondoa kungehitaji kupita chini ya stika ya namba, na namba hiyo haina akiba. Fundi alimwonyesha Binti ulipo kabla ya kukabidhi mara ya pili, akamweleza sababu ya kuuacha, na wakakubaliana ubaki.